Je, Wale Waliokufa Hawakupendwa?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja mjane alitungoja kando ya mlango wa sakristia. Muda mfupi kabla ya hapo mwanamume mmoja alikuwa amesimama mbele ya waamini kutoa shukrani. Basi alilosafiria lilikuwa limekatika breki katika mteremko. Dereva akaliegemeza kwenye ukingo wa barabara mpaka likasimama. Abiria wengi wakatoka salama, na wanne wakafa. Mwanamume yule alisema maneno ambayo sote tumeyasikia mara nyingi, kwamba Mungu aliwapenda, ndiyo maana wakapona. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mama yule hakupiga makofi, maana mumewe alikuwa mmoja wa wale wanne. Alituuliza neno moja tu, wala hakulia: "Padre, na yeye hakupendwa?"

Yatupasa kukiri kwamba jibu tulilompa lilikuwa dhaifu. Tulimwambia kuwa njia za Mungu hazichunguziki, tukamwahidi kumtaja marehemu katika Misa. Naye akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Tuliporudi nyumbani tulijiona kama mtu aliyelipa deni kwa fedha ya bandia. Maneno tuliyosema yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake. Makala haya basi ni jaribio la pili, na tunayaandika kwa ajili ya familia zote, kwa kuwa karibu kila nyumba siku moja itakuwa ama upande wa yule aliyetoa shukrani ama upande wa mama yule.

Tumependa kuyatazama mambo haya katika ajali iliyotokea mbali nasi, tena zamani kidogo. Hatutaki kutonesha kidonda cha jamaa yeyote asomaye gazeti hili. Tena ajali hiyo ilichunguzwa kwa makini mno, hata maneno ya marubani yenyewe yalihifadhiwa. Hivyo twaweza kuona ni nani aliyefanya nini, jambo ambalo katika ajali za barabarani ni nadra kujulikana.

Jumatano tarehe 19 Julai 1989, ndege ya abiria ya kampuni ya United Airlines, aina ya DC-10, iliruka kutoka Denver, nchini Marekani, ikielekea Chicago. Ndani yake walikuwamo watu 296, yaani abiria 285 na watumishi 11. Watoto walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu siku hizo kampuni ilikuwa imewapunguzia sana nauli watoto waliofuatana na wakubwa wao. Ndege ya namna ile ina injini tatu: mbili chini ya mabawa na moja mkiani. Ilipokuwa futi 37,000 juu ya mashamba ya Iowa, saa tisa na dakika kumi na sita alasiri, kishindo kikubwa kilisikika. Sahani nene ya madini ya titani, iliyoshika mapanga ya feni ya injini ya mkiani, ilikuwa imepasuka. Vipande vyake vikatoboa mkia wa ndege kama risasi, vikakata mabomba ya haidroliki.

Msomaji asiyejua mambo ya ndege na afikiri hivi: ndege kubwa haigeuzwi kwa nguvu ya mkono wa rubani. Nguvu hupitishwa na mafuta yaliyobanwa ndani ya mabomba, mithili ya breki za gari dogo. Ndege ile ilikuwa na mitambo mitatu ya mafuta hayo, kila mmoja ukijitegemea, ili mmoja ukiharibika mingine iendelee kufanya kazi. Siku ile yote mitatu ilikauka pamoja. Walioiunda ndege walikuwa wameona jambo hilo kuwa halielekei kutokea kamwe, hata hayakuwapo maagizo ya kufuatwa likitokea.

Rubani mkuu aliitwa Alfred Haynes, na pamoja naye walikuwapo William Records na Dudley Dvorak. Waligeuza usukani, ndege isitii. Kitu pekee kilichowabakia ni injini mbili za mabawani: wakiongeza nguvu ya hii na kupunguza ya ile, ndege ilipinda kidogo, wakiongeza zote mbili, pua iliinuka, kisha ikashuka tena, kama ngalawa juu ya mawimbi. Wakati huo abiria mmoja akamwambia mhudumu wa ndege kwamba yeye naye ni rubani, na kama atahitajiwa yuko tayari. Huyo ni Dennis Fitch, aliyekuwa mwalimu wa marubani wa ndege za aina ile ile, naye alikuwa safarini kama abiria mwingine yeyote. Wakamwita mbele.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Miaka minne kabla yake, mwezi wa Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines ilipotewa na mafuta yake yote ya haidroliki, ikagonga mlima, wakafa watu 520. Marubani wengi duniani walisoma habari ile wakasikitika. Fitch alifanya zaidi ya kusikitika. Alijiuliza yeye mwenyewe angefanyaje, kisha akaenda kwenye mtambo wa kujifunzia urubani, akajaribu kuongoza kwa nguvu ya injini peke yake, mpaka mikono yake ikazoea. Basi siku ile ya Julai akajiweka kati ya viti vya marubani, akashika vishikio vya injini mbili, kimoja kwa kila mkono, akafanya yale aliyojifunza kwa hiari yake.

Kwa muda wa dakika 44 walihangaika na ndege iliyotaka kugeukia kulia daima. Mwongozaji wa uwanja wa Sioux City alipowaambia kwamba wanaruhusiwa kutua katika njia yoyote, Haynes alicheka, akamwuliza kama kweli anawataka wawe wachaguzi kiasi hicho, hata waitafute njia. Twapenda kukumbuka kicheko kile. Mtu anayeweza kucheka namna ile saa ya hatari hajipi umuhimu mkubwa.

Saa kumi kamili waliifikia ardhi kwa mwendo wa karibu kilometa 400 kwa saa, mwendo upitao sana ule wa kawaida wa kutua. Bawa la kulia likagusa kwanza. Ndege ikavunjika vipande, moto ukawaka, na sehemu kubwa ya katikati ikapinduka ikalala juu chini katika shamba la mahindi. Chumba cha marubani kilipondeka hata waokoaji wakapita kando yake muda wa dakika 35 bila kudhani kwamba ndani yake mna watu. Walikuwamo wanne, wote hai. Kwa jumla walipona watu 184. Walikufa 112, mmoja wao baada ya mwezi mmoja.

Sasa tulete kipimo cha yule ndugu wa basi. Ikiwa waliopona walipona kwa sababu Mungu aliwapenda, hatuna budi kusema kwamba katika ndege ile aliwapenda 184, na wale 112 hakuwapenda, au aliwapenda kidogo. Mtu na aitazame hesabu hiyo kwa makini kabla ya kuipigia vigelegele. Kati ya waliokufa walikuwamo watoto 11. Wengine walikufa kwa moshi, ilhali mtu wa kiti cha jirani alitambaa akatoka kwenye mwanga. Viti vilivyokuwa katika sehemu fulani ya ndege viliokoa watu, na viti vya sehemu nyingine viliua. Je, Mungu aliwagawa wapenzi wake kwa namba za viti?

Walikuwamo pia watoto wachanga wanne wasiokuwa na viti vyao, ambao walipakatwa na wazazi. Mkuu wa wahudumu, mama aliyeitwa Jan Brown, aliwaagiza wazazi wawaweke watoto hao sakafuni na kuwashikilia, maana hivyo ndivyo kitabu cha kazi kilivyoagiza. Ndege ilipogonga ardhi hakuna mkono wa mzazi uliokuwa na nguvu ya kushikilia. Watatu walipona, mmoja akafa. Mama wa mtoto yule alikutana na Jan Brown nje ya ndege iliyokuwa ikiungua, akitaka kurudi ndani kumtafuta mwanawe, naye akamzuia. Katika siku hizo hizo abiria wengine walisimulia habari ya mtu mmoja aliyekwisha kutoka salama, akasikia mtoto analia katika moshi, akarudi ndani, akamfikia akamtoa. Watoto wawili, ndege moja, moto mmoja. Tunamsihi Mkristu yeyote asithubutu kwenda kwa mama yule wa kwanza na kumweleza ni mtoto yupi aliyependwa na Mungu.

Tena kuna sababu kubwa kuliko huruma. Msemo huu, kwamba anayependwa na Mungu huokolewa, tumeukuta katika Injili, na wale waliousema hawakuwa mitume. Katika sura ya 27 ya Injili ya Mtakatifu Mateo, makuhani wakuu, waandishi na wazee walisimama chini ya Msalaba wakamdhihaki Bwana wetu kwa hoja hiyo hiyo: alimtumaini Mungu, basi Mungu na amwokoe sasa kama anamtaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhihaka yao, nayo ilionekana kuwa na nguvu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumshusha. Mwana mpendwa wa Baba hakushushwa msalabani. Alikufa saa tisa alasiri, na mama yake amesimama akitazama. Kama kupona ndicho kipimo cha kupendwa, basi Ijumaa Kuu dhihaka ile ilikuwa kweli. Kanisa lilijengwa juu ya imani kwamba ilikuwa uongo.

Bwana wetu mwenyewe aliulizwa swali la ajali. Katika sura ya 13 ya Injili ya Mtakatifu Luka aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa. Mnara ule labda ulikuwa na msingi mbaya, Injili haisemi. Yeye alikana waziwazi kwamba wale kumi na wanane walikuwa wenye deni kubwa kuliko watu wengine waliokaa Yerusalemu. Akawageuzia neno wale walio hai, kwamba watubu. Hivyo kutokana na mnara ulioanguka hatukuachiwa hukumu yoyote juu ya waliofunikwa na mawe. Kadhalika marafiki wa Yobu, waliomtafutia kosa ili wayaelewe mateso yake, mwishoni walikemewa na Mungu mwenyewe, ingawa walidhani wanamtetea.

Kuna msemo mwingine unaoandamana na ule wa kwanza, na huo pia yafaa tuuguse: "Ni mapenzi ya Mungu." Tunausema juu ya jeneza, na mara nyingi twausema kwa imani njema. Lakini fundisho la Kanisa hutenga kati ya yale Mungu anayoyataka na yale anayoyaruhusu. Mema huyataka. Mabaya huyaruhusu, kwa kuwa ameumba ulimwengu wenye sheria zake, na watu wenye hiari yao, naye ana uwezo wa kutoa jema hata katika baya. Anayechanganya mambo hayo mawili humtwika Mungu mizigo ya watu.

Tuitazame sahani ile ya titani. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, mkulima mmoja alipokuwa akivuna mahindi yake aliikuta ardhini, na wataalamu wakaisoma kama mtu asomavyo barua. Walipoyeyusha madini yake, mwaka 1971, uchafu kidogo ulijificha ndani yake. Nao uliacha tundu lisilozidi milimeta moja na nusu kwa upana. Katika tundu hilo ukaanza ufa. Kila ndege ilipopaa, ufa ukasogea mbele kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Sahani ilifanya safari zaidi ya 15,000. Ilikaguliwa, na mara ya mwisho ilipokaguliwa, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ajali, ufa ulikuwa umefikia urefu wa zaidi ya sentimeta moja. Macho ya mkaguzi yalipita juu yake yasiuone. Tume ya uchunguzi ya Marekani ilisema hivyo katika taarifa yake ya mwaka 1990, bila kuficha, kwamba ukaguzi wa kampuni haukuzingatia vya kutosha udhaifu wa binadamu anayekagua.

Hatumhukumu mkaguzi yule. Huenda alikuwa mtu mwema mwenye macho yaliyochoka. Lakini tafadhali tusiseme kwamba Mungu alipenda ufa ule usionekane. Kama tume ile ingeandika katika taarifa yake "ni mapenzi ya Mungu" na kuufunga mkoba, ndege nyingine zenye ufa kama ule zingeendelea kupaa na watoto ndani yake. Kwetu mkoba huo hufungwa upesi mno. Breki zilizokatika zina fundi, zina mwenye gari, zina aliyepokea fedha ili asizitazame. Kumzika mtu kwa maneno ya imani na kuyazika pamoja naye makosa yaliyomwua ni kulitaja bure jina la Mungu, na mwenye kulitaja namna hiyo ajihoji atakapokwenda kuungama.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, je, wale 184 wasimshukuru Mungu? Wamshukuru sana! Si kusudi letu kupunguza shukrani hata neno moja. Kusudi letu ni kuuliza wanamshukuru kwa jambo gani hasa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu huviongoza viumbe vya chini kwa njia ya viumbe vingine, wala si kwa sababu uwezo wake umepungua. Ni kwa wingi wa wema wake, ili viumbe navyo wapate heshima ya kuwa sababu ya mambo. Tafakari neno hilo, kisha urudi Sioux City. Mwaka 1987 watu wa wilaya ile walifanya zoezi, wakijifanya kwamba ndege kubwa imeanguka katika uwanja wao mdogo, ambao ndege kubwa za namna ile hazikuwa na desturi ya kuutumia. Pengine walikuwapo waliowacheka. Waliona kasoro zao, wakazirekebisha, wakapatana na vijiji jirani juu ya magari ya zimamoto na ya wagonjwa. Miaka miwili baadaye ndege kubwa ikaja kweli. Askari 285 wa kikosi cha anga cha akiba walikuwa zamu uwanjani siku ile. Hospitalini ilikuwa saa ya kubadilishana zamu: wauguzi wa asubuhi hawakwenda nyumbani, na wa jioni walikuwa wamekwisha fika, hivyo majeruhi walipokewa na mikono maradufu. Watu wa mji wakajipanga kutoa damu.

Yapo mambo humo ambayo hayakuwa kazi ya mtu, kama anga tulivu la alasiri ile, na saa ile ile ya zamu. Kwa hayo mtu amshukuru Mungu moja kwa moja. Lakini mengi yalikuwa kazi ya watu waliofanya wajibu wao wakati hakuna aliyewatazama. Fitch katika mtambo wa mazoezi alikuwa akitimiza amri ya mapendo, ijapokuwa pengine hakuiita hivyo. Aliwapenda abiria asiowajua miaka minne kabla hajawaona. Maongozi ya Mungu yaliwafikia wale 184 kupitia jioni zile. Wakimshukuru Mungu kwa mikono ya Fitch, na kwa zoezi la mwaka 1987, na kwa muuguzi aliyeahirisha kwenda nyumbani, wanashukuru kwa kweli, wala shukrani yao haimtukani mjane yeyote.

Na wale walioupata wokovu huo wa mwili, tunawaona walivyoutumia. Haynes alirudi kuruka baada ya miezi mitatu, akastaafu mwaka 1991 alipotimiza umri wa miaka 60. Tangu hapo hadi uzee wake, naye alifariki mwaka 2019, alizunguka huku na huku akiwaeleza watu habari za siku ile, marubani, waganga na wazima moto, ili waokoke wengine. Walipomwita shujaa alikataa. Siku zote alisema kuwa walikuwa wanne chumbani, tena kuwa walibahatika, na huzuni ya wale 112 haikumtoka. Wataalamu walijaribu baadaye kuirudia safari ile katika mitambo ya mazoezi, wakaona kutua salama kwa namna ile hakutegemeki kwa rubani yeyote. Hata hivyo mtu yule aliendelea kuwahesabu wale ambao hakuweza kuwafikisha. Jan Brown naye alitumia miaka mingi akiwaomba wenye madaraka nchini kwake waamuru kila mtoto mchanga awe na kiti chake chenye mikanda. Alikuwa amemwahidi nani? Hatuna haja ya kubahatisha. Alikuwa amemtazama mama yule machoni.

Twaona kwamba hao wawili walielewa kupona kwao kuwa deni. Hawakukuchukua kama cheti cha kupendwa kuliko wengine. Na deni lenyewe walidaiwa na waliokufa.

Tuguse upesi jambo moja ambalo Padre hawezi kuliacha. Wale watu walipewa dakika 44. Waliziandika barua, walishikana mikono na watu wasiowajua, wengi walisali. Abiria wa basi letu hawakupewa hata dakika moja. Mkristu asafiriye na dhambi ya mauti moyoni, akitumaini kwamba patakuwa na nafasi ya kusema sala ya majuto, anatumainia dakika ambazo hakuahidiwa. Kitubio kipo kila Jumamosi. Haya yatosha.

Turudi kanisani kwetu, kwa maana huko ndiko swali lilikozaliwa. Tunawaomba mapadre wenzetu, makatekista na wazee wa jumuiya wawasaidie wale wanaotaka kutoa shukrani baada ya ajali. Wasiwazuie. Wawaulize kwanza: walikufa nani? Majina yao ni nani? Wana watoto? Kisha majina hayo yasomwe kabla ya shukrani, na Baba Yetu moja isaliwe kwa ajili yao, waamini wote wakiwa wamepiga magoti. Sadaka ya shukrani, ikiwa ipo, sehemu yake ipelekwe nyumbani kwa wafiwa, tena aliyepona aipeleke mwenyewe kwa mikono yake, akae, anywe maji ya nyumba ile. Vigelegele havitakuwa vingi kama zamani. Na katika maombi yao watu waseme kwamba Mungu amewaachia siku nyingine. Hilo ni kweli, na kila mtu anaweza kulisikia.

Kwako wewe mama, ambaye tunajua unasomewa gazeti hili na binti yako, jibu letu ni hili. Mume wako alipendwa. Alipendwa kabla hajapanda basi lile, na alipokuwa ndani yake, na lilipogonga, wala upendo huo haukukoma pale pumzi ilipokoma. Haukuwa mdogo kuliko ule waliopendwa nao waliotoka dirishani. Kwa nini hakutoka pamoja nao, hatujui; kwa habari ya breki tunajua kidogo, na hayo yapasa kusemwa mahali panapohusika. Lakini yule aliyemwachia Mwanawe afe mbele ya mama yake hawezi kuwa mgeni katika nyumba yako. Samahani kwa kuwa hatukukuambia hivi siku ile mlangoni.

Misa ya kuwaombea marehemu wanne itasomwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Juzi yule mwanamume aliyetoa shukrani alikuja ofisini kuuliza itakuwa saa ngapi, na kama ataruhusiwa kukaa benchi moja na wafiwa. Tulimwambia ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwamba hilo la benchi akamwulize mama mwenyewe.